Kabla ya Kulipia Kifurushi cha Vipimo, Ulizia Feritini

"Daktari, nipime kila kitu."

Aliyesema hivyo ni mwalimu wa shule ya msingi, akiniwekea kwenye kaunta karatasi aliyoandikiwa kwingineko: vipimo ishirini na kitu vya vitamini na madini, bei yake kama kodi ya nyumba ya mwezi. Tangu mwaka jana amechoka, usingizi hauji, na machozi humtoka akisahihisha madaftari. Mimi ni mtaalamu wa maabara, si daktari, ila hapa Nairobi ukivaa koti jeupe utaitwa tu hivyo.

Alipofungua mkoba kutafuta simu, nikaona kijifuko cha odowa, ule udongo mgumu wanaouza mama mboga. "Mwalimu, unakula kiasi gani?" Akainama. "Kila siku. Hata darasani." Hamu ya kutafuna udongo ni dalili inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo nikajua pa kuanzia.

Hemogramu, yaani kipimo cha jumla cha damu, alikuwa nayo tayari. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa 12.4, na pembeni pameandikwa "kawaida". Jibu hilo huwarudisha watu wengi nyumbani na shida yao. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, mwili hutengeneza himoglobini zaidi. Shirika la Afya Duniani hushauri tusome kipimo hicho kwa kuzingatia mwinuko; 12.4 ya Mombasa si 12.4 ya hapa. Isitoshe, himoglobini huchelewa kushuka. Mwili huanza kwa kula akiba yake ya chuma, na akiba hiyo huonekana kwenye feritini, protini inayohifadhi chuma. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu. Yake ilikuwa 6.

Ubongo unahitaji chuma ili kutengeneza serotonini na dopamini, kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo, ndiyo maana upungufu wake waweza kuleta uchovu na huzuni hata kabla damu haijapungua. Lakini usipimwe feritini ukiwa na homa: maambukizi huipandisha, na akiba tupu ikaonekana imejaa.

Kipimo cha pili ninachokitetea ni cha vitamini B12, hasa kwa wazee, wasiokula nyama, mayai wala maziwa, na wanaotumia metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Ikipungua huleta ganzi miguuni, usahaulifu, sonona, hata kuona vitu visivyokuwapo. Kumeza foliki asidi (vitamini B9) peke yake ni hatari hapo, kwa sababu damu inaweza kutengemaa huku neva zikiendelea kuharibika. Tezi ya shingo nayo ipimwe. Ikilegea, mgonjwa hufanana kabisa na mwenye sonona.

Vingi vilivyobaki kwenye ile karatasi nilivikata kwa kalamu. Serotonini ya damu hutoka zaidi utumboni na haivuki kuingia kwenye ubongo. Magnesi iliyo kwenye majimaji ya damu haifiki asilimia 1 ya magnesi yote mwilini. Zinki hutaka tyubu maalumu yenye kifuniko cha buluu iliyokoza, tena asubuhi kabla ya kula. Ikitolewa kwenye tyubu ya kawaida, huenda ukapimiwa uchafu wa kifuniko. Na shaba hupanda kwa ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Inaniuma mno mama mjamzito akiambiwa shaba ndiyo inayomvuruga akili. Hakuna tyubu yoyote kwenye rafu yangu inayoweza kuthibitisha sonona. Hiyo hutambuliwa kwa kuketi na mgonjwa na kumsikiliza.

Mwalimu alienda kwa daktari, akaandikiwa vidonge vya chuma na kuchunguzwa kwa nini akiba iliisha. Mimi nilimwomba tu asivimeze kwa chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Baada ya miezi mitatu feritini ilikuwa 41 na odowa ameiacha. Usingizi umerudi nusu, na bado anaonana na mshauri nasaha kila Alhamisi baada ya masomo.