Miombo si Pori Moja

Nimetumiwa tena ile picha. Safari hii ni jirani yangu hapa Bagamoyo, dereva wa lori, yuko njiani kwenda Tabora katikati ya Septemba, na miti imegeuka nyekundu kila upande. "Mtaalamu, pori linakufa kwa jua."

Halifi, kaka. Hayo ni majani machanga ya mtundu, mmoja wa miti mikuu ya pori la miombo, yanachipua wiki kadhaa kabla ya mvua, mekundu kama shaba, laini hata ukiyakunja hayavunjiki. Baadaye yanakuwa kijani. Maji yanatoka wapi, na ardhi yote vumbi? Tunajibu: mizizi mirefu na akiba ya kwenye shina. Jibu hilo hunitosha ofisini, porini halinitoshi.

Ila kinachoniudhi hasa ni watu kuiita miombo "pori kavu", kana kwamba kutoka huku hadi Angola ni kitu kimoja. Vitabu vimepiga mstari kwenye milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Juu yake ni miombo ya mvua nyingi, kama kaskazini mwa Zambia, miti ikipita mita 15. Chini yake miombo mikavu, Zimbabwe na katikati ya nchi yetu. Haya, chukua Bagamoyo na Tabora. Kwa jumla ya mwaka hazipishani sana, zote zinazungukia hiyo 1,000. Lakini sisi tuna masika, tuna vuli, na bahari inatupulizia unyevu. Tabora mvua ikikata Mei, imekata. Utaisubiri mpaka Oktoba inaisha. Jumla haikwambii hilo, na mti hauishi kwa jumla.

Na Tabora yenyewe si moja. Simama mgongoni mwa mwinuko, kwenye udongo wa kichanga: mtundu, mninga. Teremka dakika 10 kwa mguu, uko mbugani, yaani bondeni, udongo mweusi, nyasi tupu. Mvua ni ile ile! Huko chini maji yanatuama, mizizi inakosa hewa, kisha kiangazi udongo unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ploti, yaani kipande cha pori ninachokwenda kupima, ikiangukia katikati ya mteremko, fomu inanitaka nichague aina moja ya uoto. Nimeshachagua kwa kukisia, zaidi ya mara moja.

Dereva nimemjibu: ukipita tena Desemba, simama hapo hapo ulipopiga picha, uniletee uyoga.