Trikloroethilini na ugonjwa wa Parkinson: maswali na majibu

Trikloroethilini ni nini?

Ni kiyeyushi cha viwandani: kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamutamu, kinachogeuka mvuke upesi. Kimetumika miaka mingi kuondoa grisi kwenye vyuma na madoa kwenye nguo. Zamani kilitumika hata kama nusukaputi.

Kinahusianaje na Parkinson?

Parkinson hutokea seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zinapokufa. Dopamini ikipungua, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, viungo hukakamaa na hatua huwa fupi. Panya wa maabara waliopewa kiyeyushi hiki walipoteza seli hizohizo.

Na kwa binadamu?

Mwaka 2012 watafiti walichunguza jozi 99 za mapacha, mmoja mgonjwa na mwenzake mzima. Waliowahi kufanya kazi na kiyeyushi hiki walionekana kuwa katika hatari ya kuugua takriban mara 6 ya wale wasiowahi kukitumia.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Camp Lejeune, kambi ya jeshi huko North Carolina, Marekani. Maji yake yalichafuliwa na kiyeyushi hiki kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, na watu waliyanywa na kuyaoga bila kujua. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya kuwalinganisha wanajeshi waliokaa hapo kati ya 1975 na 1985 na wenzao wa Camp Pendleton, California, ambako maji hayakuwa na uchafu huo. Hatari ya Parkinson kwa wale wa Lejeune ilizidi kwa asilimia 70.

Basi kila aliyekigusa ataugua?

Hapana, na tafadhali usiogopeshwe na hiyo asilimia 70. Pendleton waliougua walikuwa kama 2 katika kila watu 1,000. Lejeune kama 3. Wengi mno hawakuugua. Lakini huyo mmoja wa ziada ni mtu, na kemikali hii ingeweza kuepukwa.

Nilikitumia ujanani. Nifanye nini?

Mweleze daktari kazi zote ulizowahi kufanya, hata za miaka 30 iliyopita, kwa sababu ugonjwa unaweza kuchelewa miongo kadhaa kujitokeza. Daktari akikuuliza kazi ya sasa tu, ongeza mwenyewe. Mtajie pia kama pua imeacha kunusa, kama unafunga choo mara kwa mara, au kama unarusha mikono na miguu ukiwa ndotoni. Dalili hizi zinaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka, ingawa zina visababishi vingine vingi.