Moyo kwenda mbio ukisimama baada ya korona: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kipimo cha korona kikisema huna virusi, umepona.

Virusi huweza kuondoka vikaacha neva (mishipa ya fahamu) zimevurugika. Mapigo ya moyo, presha, jasho na usagaji wa chakula huendeshwa na neva zinazojiendesha zenyewe, bila wewe kuziamuru. Ukisimama, zaidi ya nusu lita ya damu huteremkia tumboni na miguuni, na neva hizo huibana mishipa ya damu papo hapo ili kichwa kisikose damu. Zikishindwa, moyo hukimbia kufidia. Hali hiyo huitwa POTS (kifupi cha Kiingereza cha moyo kwenda mbio ukisimama), jina lililotolewa Marekani mwaka 1993, miaka mingi kabla ya korona. Huweza kufuata hata homa nyingine za virusi.

Dhana: ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ni safi, damu ni safi, basi ni mawazo tu.

Hili ndilo linaloumiza wagonjwa kuliko yote, hasa wanawake wa miaka 15 hadi 50, ambao ndio wengi wao. Wengine huambiwa wana mashetani. Lakini ECG hupimwa umelala, na tatizo lenyewe hujitokeza ukisimama! Mgonjwa apumzike chali dakika tano au zaidi, ahesabiwe mapigo, kisha asimame dakika 10 huku yakihesabiwa tena, na mtu awe karibu asije akaanguka. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika (40 kwa vijana wa miaka 12 hadi 19) na kubaki juu, presha haikushuka sana, na dalili zina miezi mitatu, POTS inashukiwa. Kutetemeka na kifua kudunda hapo hutokana na mwili kumwaga adrenalini (homoni ya kushtua mwili), hata kama mgonjwa hana hofu yoyote.

Hata hivyo upungufu wa damu, na pia matatizo ya tezi ya shingo (thairoidi), huleta dalili kama hizi. Vipimwe kwanza.

Dhana: Chumvi ni mbaya kwa kila mtu.

Kwa wengi wenye POTS daktari huongeza chumvi, pamoja na maji lita 2 hadi 3 kwa siku na soksi za kubana hadi kiunoni. Mwenye presha ya kupanda, au ugonjwa wa figo au moyo, asijaribu.

Dhana: Jikaze, ukimbie, utapona.

Mazoezi husaidia yakianza umekaa au umelala, kidogo kidogo. Anayezidiwa siku inayofuata apunguze. Ukizimia katikati ya mazoezi, au kifua kikiuma, nenda hospitali siku hiyohiyo.