Kabla ya kuuliza mshahara wa rubani, uliza nambari yake

Vijana wetu wanaosomea urubani Marekani huniuliza mshahara kwanza. Mimi kazi yangu ni kupanga ratiba za marubani, na ningekuwa wao ningeuliza hivi: kwenye orodha ya shirika hilo nitakuwa wa ngapi, na walio mbele yangu wana umri gani?

Katika mashirika makubwa ya ndege ya Marekani, kila rubani ana nambari ya ukongwe inayotokana na tarehe aliyoajiriwa. Walioingia siku moja hutenganishwa kwa kigezo kingine. Mashirika kadhaa hutazama umri, aliye mkubwa akatangulia. Tangu hapo nambari hiyo huamua aina ya ndege utakayorusha, kituo chako cha kazi, lini utakalia kiti cha kapteni, likizo yako, hata kama Krismasi utaila nyumbani. Ustadi haumo. Mitihani ya simuleta, mashine inayoiga urushaji wa ndege, unafaulu au unafeli. Ukiifaulu vizuri kuliko wote husogei hata nafasi moja.

Kila mwezi marubani huomba safari wanazozitaka, na kompyuta huanza kugawa kwa walio juu. Wa chini huokota yaliyobaki, na wa chini kabisa hukaa akiba: simu ikilia, anaondoka. Ndiyo maana utamkuta rubani msaidizi wa miaka mingi aliyekataa ukapteni. Akibaki alipo anachagua safari. Akipanda cheo anakuwa kapteni wa mkiani, arudi kukaa akiba kila wikendi. Wapo wanaomwona mvivu. Mimi namwelewa kabisa.

Kwa nini basi asipandishwe anayefaa zaidi? Kapteni lazima aweze kukataa kuingia kwenye mawingu ya radi, au kudai mafuta ya ziada, bila kuhofia kwamba bosi atalikumbuka hilo siku ya kugawa vyeo. Orodha inamfunga bosi mikono. Mfumo huu ni mkatili, lakini kapteni anayejipendekeza kwa wakubwa ananitisha zaidi.

Ukatili wenyewe ni kwamba nambari haihamishiki. Eastern Air Lines ilipofungwa Januari 1991, makapteni wake waliopata kazi kwenye mashirika mengine makubwa walianza upya chini kabisa ya orodha, kwa mshahara wa mgeni. Kwa hiyo rubani huweza kung'ang'ania shirika linaloyumba, maana kuhama ni kuiacha miaka yake yote nyuma. Na kazi zikipungua, panga huanzia mkiani.

Orodha husogea shirika likikua au wazee wakistaafu. Desemba 2007 Marekani ilipandisha umri wa kustaafu marubani wa mashirika kutoka miaka 60 hadi 65. Wakongwe wakapata miaka mitano zaidi ya mshahara wa juu. Walio chini yao wakakwama palepale, kisha mdororo wa uchumi ukawakuta hapohapo.

Lakini pabaya kuliko pote ni mashirika mawili yanapoungana. US Airways na America West ziliungana 2005. US Airways ilikuwa na marubani wengi wa miaka mingi, baadhi yao wakiwa nyumbani baada ya kupunguzwa kazini, ingawa nambari zao zilibaki kwenye orodha. Wao walitaka tarehe ya kuajiriwa iamue. Wa America West, wageni zaidi lakini wako kazini, wakahoji: aliye nyumbani atutangulie sisi tunaoruka? Mwaka 2007 msuluhishi George Nicolau aliwaweka juu kabisa takriban marubani 500 wa US Airways, waliopunguzwa akawaweka chini, na waliosalia wa pande zote mbili akawachanganya kwa uwiano. Kuna waliofanya kazi zaidi ya miaka 15 wakajikuta jirani na walioajiriwa juzi tu.

Upande wa US Airways, uliokuwa na kura nyingi, ulikitimua chama cha marubani kilichokuwepo mwaka 2008 na kuunda chake. Orodha ya Nicolau haikutumika kamwe. Kesi zikafuatana, na kwa miaka mingi mpanga ratiba hakuweza kumweka rubani wa upande huu na wa upande ule kwenye chumba kimoja cha marubani, ingawa ndege zao zilibeba jina moja. Orodha moja ilipatikana 2016 tu, baada ya US Airways nayo kuungana na shirika la American Airlines.