Je, wajua kwa nini mtahiniwa asiyeona huongezewa dakika 20 kwa kila saa ya mtihani wa Hisabati?

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapokaribia, Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa kwa umma, na katikati ya maonyo kuhusu udanganyifu na maelekezo kwa wasimamizi huwemo sentensi ambayo wasomaji wengi huipita haraka: watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe muda, dakika 20 kwa kila saa katika somo la Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Asiyeona hupewa karatasi ya nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, na mwenye uoni hafifu hupewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa. Wapo wanaoichukulia nyongeza hiyo kuwa ni huruma, na wapo wazazi wanaonong'ona kwamba ni upendeleo. Wote wamekosea, na anayetaka kujua wamekosea wapi aanze kwa kujiuliza swali dogo: kwa nini Hisabati iongezewe mara mbili ya masomo mengine?

Sababu imo katika maandishi yenyewe. Nukta nundu zilibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 katika mji mdogo wa Coupvray, ambaye akiwa mtoto wa miaka mitatu alijijeruhi jicho kwa kifaa chenye ncha katika karakana ya baba yake, na hatimaye akapoteza uwezo wa kuona kwa macho yote mawili. Mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka 20, alichapisha mfumo wake. Kila alama hujengwa ndani ya nafasi ya nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia, na kwa kuinua baadhi ya nukta na kuacha nyingine hupatikana alama 63. Herufi kumi za mwanzo, kuanzia a hadi j, hutumia nukta nne za juu peke yake, na herufi kumi zinazofuata ni zile zile zilizoongezewa nukta moja chini upande wa kushoto. Tarakimu hazina alama zake zenyewe, bali huazima herufi hizo kumi za mwanzo baada ya kutanguliwa na alama inayomwambia msomaji kwamba kinachofuata ni namba. Kwa hiyo 25 huandikwa kwa alama tatu: alama ya namba, kisha b, kisha e.

Ni mfumo wa ajabu kwa uzuri wake, lakini kidole si jicho. Jicho hukamata maneno kadhaa kwa mtupo mmoja, hurudi nyuma bila msomaji kujua kwamba limerudi, na huweza kuruka hadi chini ya ukurasa kutazama maswali yaliyobaki. Kidole hupapasa alama moja baada ya nyingine kwa mpangilio, na kama msomaji anataka kurudi kwenye swali la 7 itambidi alitafute kwa mkono, mstari kwa mstari. Hiyo peke yake inatosha kueleza zile dakika 10 za Historia au Kiswahili.

Hisabati ina mzigo mwingine juu ya huo. Chukua swali jepesi la kujumlisha sehemu, 3/4 na 5/6. Mtoto anayeona huziandika kiasi juu na asili chini, na mpangilio huo wa juu na chini humfanyia nusu ya kazi, kwa kuwa huona mara moja kwamba asili hazilingani. Katika nukta nundu hakuna juu wala chini. Kila kitu hulazwa kwenye mstari mmoja, na huhitajika alama za kuonyesha sehemu inaanzia wapi, kiasi kinaishia wapi na asili inakomea wapi, huku mtoto akiubeba mpangilio wote kichwani hadi kidole kifike mwisho. Kugawanya kwa njia ndefu, ambako mwanafunzi huteremsha tarakimu hatua kwa hatua chini ya mstari, ni taabu zaidi. Anayeandika kwa kibao chenye matundu na kijiti cha chuma hutoboa karatasi akitoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta hujitokeza upande wa pili, na ili ayasome aliyoyaandika hulazimika kuitoa karatasi na kuigeuza. Mwenye mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951 katika shule ya wasioona huko Massachusetts, Marekani, ana nafuu kubwa, kwa kuwa vitufe vyake sita huinua nukta sita kwa pamoja na maandishi yakasomeka papo hapo. Hata hivyo, kupanda mistari mitatu juu na kurudi kuandika chini yake ni kuizungusha karatasi mbele na nyuma huku ukihesabu. Bado hatujagusa pembetatu na grafu, ambazo huchorwa kwa mistari iliyoinuka na kusomwa kwa viganja viwili.

Zingatia kwamba katika hayo yote swali halikubadilika. Aliyeulizwa 3/4 kujumlisha 5/6 anatakiwa kupata jibu lile lile analotakiwa kulipata mwenzake, na akikosea anakosa alama kama mwenzake. Mtihani unataka kujua kama mtoto huyu anaweza kujumlisha sehemu, wala haukutungwa kupima kasi ya vidole au wingi wa mara alizoigeuza karatasi. Kumpa muda sawa na anayeona ni kumpima mambo mawili wakati mwenzake anapimwa moja. Hapa ndipo ulipo msingi wa elimu maalumu, na nadhani ungeeleweka kwa watu wengi zaidi kama tungeanza kuufundisha kwa mfano huu badala ya kuanza na orodha za aina za ulemavu: mwalimu hutenganisha kile anachokusudia mwanafunzi akijue na kile kinachomzuia kukifikia, kisha hukiondoa kizuizi na kuliacha somo likiwa zima.

Kutenganisha huko kunahitaji kumjua mtoto mmoja mmoja, wala si jina la ulemavu wake. Mfano unaoniuma ni wa watoto wenye ualbino. Ualbino huathiri macho pamoja na ngozi: sehemu ya nyuma ya jicho inayohusika na kuona kwa undani huwa haikukomaa kikamilifu, mboni hutikisika zenyewe, na mwanga mkali huumiza, kwa hiyo miwani husaidia lakini haimalizi tatizo. Mtoto wa namna hiyo akiketishwa nyuma ya darasa haoni maandishi ya ubaoni, hunakili makosa, na mwisho huitwa mzito wa kuelewa. Kwa upande mwingine, wako waliopelekwa shule za wasioona wakafundishwa nukta nundu, wakawa wanazisoma kwa macho, uso ukiwa umeinamishwa hadi karibu kuigusa karatasi. Mtoto huyo hakuhitaji nukta nundu hata kidogo. Alihitaji kiti cha mbele kisichoelekea dirishani, ruhusa ya kusogea hadi ubaoni, wino mweusi uliokolea, kitabu chenye herufi kubwa au kikuzamaandishi, kofia pana wakati wa kutoka nje, na mwalimu mwenye mazoea ya kusoma kwa sauti kila anachokiandika. Mengi ya hayo hayana gharama yoyote.

Shule zetu zilianzia mbali na fikra hii. Katika Afrika Mashariki elimu ya watoto wenye ulemavu ilianzishwa kwa sehemu kubwa na makanisa, na ilianza kwa kuwatenga: Thika, Kenya, shule ya wasioona ilifunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na Buigiri, mkoani Dodoma, Kanisa Anglikana lilifungua ya kwake mwaka 1950. Ingekuwa dhuluma kuzibeza. Kwa watoto ambao wangefichwa nyumbani maisha yao yote zilikuwa mlango pekee, na zimetoa walimu, wanasheria na viongozi. Baadaye vikaja vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za kawaida, na shule kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, ambako watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu husoma katika eneo moja. Mwaka 1994, katika mkutano uliofanyika Salamanca, Hispania, wawakilishi wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo inayopaswa kujirekebisha ili impokee kila mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, uliigeuza kauli hiyo kuwa wajibu wa kisheria katika ibara yake ya 24. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inatambua haki ya kusoma katika mazingira jumuishi.

Neno jumuishi limetumika kwa wepesi mno tangu hapo. Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi ambao ningependa kila mkuu wa shule ausome: kumweka mtoto mwenye ulemavu katika shule ya kawaida bila kubadilisha ufundishaji, mtaala na mpangilio wa shule hakuitwi ujumuishaji. Mtoto wa kitimwendo aliyeandikishwa katika shule ambayo madarasa yake yote yana ngazi, na choo chake kina mlango mwembamba kuliko kiti chake, amehesabiwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini shule hiyo bado haijampokea.

Kwa mtoto kiziwi jambo hili ni zito zaidi, na hapa sikubaliani na wanaosema kwamba ujumuishaji ni kuwachanganya watoto wote mara moja popote walipo. Wengi wa watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua lugha ya alama, na hivyo hufika shuleni wakiwa na ishara chache za nyumbani na bila lugha kamili. Fikiria sentensi "Kitabu changu kimepotea." Mtoto anayesikia amekwisha kuyajua mapatano hayo ya ki- na ch- kabla hajajua kushika kalamu, kwa sababu ameyasikia maelfu ya mara jikoni na uwanjani. Kwa kiziwi, ki- ya "kitabu" na ki- ya "kimepotea" ni alama za karatasini, na huzikuta kwa mara ya kwanza darasani, katika lugha ambayo kwake ni ya pili. Lugha yake ya kwanza ni ya alama, yenye sarufi yake inayotumia mikono, uso na nafasi iliyo mbele ya mwili. Mtoto huyo akiwekwa peke yake katikati ya wanafunzi 80 wanaosikia, pasipo mkalimani na pasipo mwenzake wa kuzungumza naye, amefungiwa ndani ya darasa lililo wazi. Ibara hiyo hiyo ya 24 inataka lugha ya alama ifundishwe, na inataka viziwi, wasioona na viziwi wasioona wasomeshwe katika mazingira yatakayowakuza zaidi kitaaluma na kijamii. Kwa wengi wao, hasa miaka ya mwanzo, mazingira hayo ni pale walipo viziwi wengine wengi na walimu wanaoimudu lugha yao.

Historia inatoa onyo hapa. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, ambao karibu wajumbe wake wote walikuwa watu wanaosikia, uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na lugha ya alama iwekwe kando. Shule nyingi duniani zilifuata, na vizazi kadhaa vya watoto viliadhibiwa kwa kuzungumza kwa mikono. Mwaka 2010 tu, katika mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi huko Vancouver, Kanada, ndipo maazimio hayo yalipokataliwa rasmi na majuto yakatamkwa.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, ule msingi wa kutenganisha somo na kizuizi haujitoshelezi, kwa sababu wakati mwingine lengo lenyewe ndilo linalopaswa kubadilika. Kumwongezea dakika 40 mbele ya swali asilolielewa ni kumwongezea dakika 40 za kuteseka. Yeye huandaliwa mpango wake wa kujifunza, unaotaja jambo moja linalopimika atakaloliweza muhula huu: kuhesabu chenji dukani, kusoma bango la daladala, kuvaa sare bila msaada. Mpango huo huandikwa na mwalimu pamoja na mzazi baada ya mtoto kufanyiwa upimaji, na hurudiwa mara kwa mara. Walimu wa kazi hiyo huandaliwa katika vyuo kama Patandi, mkoani Arusha, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1986, lakini wao ni wachache mno kulinganisha na shule zilizopo, na mzazi aliye mbali hana budi kuanzia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yake.

Kuhusu dakika 20, liko jambo ambalo taarifa za mitihani haziwezi kulibeba. Muda wa ziada humfaa mtoto aliyefundishwa nukta nundu tangu darasa la kwanza, aliyekuwa na karatasi nene za kutosha na mashine inayofanya kazi, na aliyewahi kushika kitabu cha Hisabati kilichochapishwa kwa nukta. Kwa aliyeipapasa Hisabati kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha mtihani, dakika hizo ni bure. Na hata kwa aliyeandaliwa vyema, hesabu inahitaji uangalizi: katika mtihani wa saa 2, nyongeza yake ni dakika 40, na dakika hizo huanza pale wenzake wanapokusanya kalamu, wanapovuta viti na kutoka wakipiga kelele za furaha barazani. Msimamizi anayejua kazi yake huwa amemtengea chumba cha pembeni tangu asubuhi, akaweka meza imara isiyotikiswa na mashine yenye uzito unaokaribia kilo 5, na saa ya kumtajia muda kwa sauti, kwa kuwa ile iliyotundikwa ukutani haimsaidii.