Namba ya simu si anwani ya barua pepe: tunavyojidanganya kuhusu kutuma imeili kwenye kitochi

Ofisi ninayofanyia kazi iko Malaba, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori. Sisi ni mawakala wa forodha. Bosi anakaa Kampala na mambo yake yote yako kwenye barua pepe. Madereva wanakaa barabarani na mambo yao yote yako kwenye kitochi. Katikati nipo mimi. Swali la "hii imeili itamfikiaje dereva?" nimeulizwa kwa Kiswahili cha Mombasa, cha Bunia na cha Kibuli, na majibu ya kubahatisha niliyoyasikia ni mengi kuliko maswali yenyewe. Nimechagua yale yanayotugharimu.

"Andika namba, weka alama ya @, malizia na jina la mtandao. Itafika."

Hii ndiyo mama yao wote, na haikutoka hewani. Huko Marekani njia hii kweli ilikuwepo na ilifanya kazi kwa miaka mingi. Mteja wa AT&T alitumiwa barua kwa namba yake ikifuatwa na @txt.att.net, wa Verizon @vtext.com, wa T-Mobile @tmomail.net, na barua ikaingia kwenye simu kama meseji ya kawaida. Ndiyo maana ilibidi ujue mwenzako yuko mtandao gani: kila kampuni ilikuwa na mlango wake, na mlango wa jirani haukukufungulia. Kisha watu wakanakili orodha za milango hiyo, zikazunguka dunia nzima, na mpwa wa mtu aliyeko Texas akamwambia mjomba wake Kampala kwamba ni rahisi tu.

Mambo mawili hayakusemwa. La kwanza, mlango wenyewe unafungwa hata huko kwao. AT&T walizima huduma hiyo tarehe 17 Juni 2025, baada ya matapeli kuipenda kupita kiasi, kwani ni nani asiyependa kutuma meseji kwa mamilioni bila kulipa? La pili, ukisajili laini ya MTN au Airtel hapa Uganda unapewa namba, hupewi sanduku la barua pepe. Barua pepe haijui namba ya simu ni kitu gani. Inasoma kilicho nyuma ya @, inatafuta kompyuta inayopokea barua za jina hilo, inaikabidhi mzigo, basi. Kama kompyuta hiyo haina mtu wa kuigeuza barua iwe meseji na kuisukuma kwenye mtandao wa simu, safari imeishia hapo.

Bosi wetu alijaribu. Alibuni anwani kwa kuunganisha namba ya dereva na tovuti ya mtandao wake, ikarudi dakika hiyohiyo na karatasi ndefu ya Kiingereza yenye maana moja tu: huyo hapa hayupo. Hiyo ni bahati nzuri. Kuna kompyuta nyingine hupokea barua ya anwani isiyokuwepo, zikaimeza, zikanyamaza, na wewe ukalala ukijua dereva ameambiwa.

Njia inayofanya kazi hapa ni ya kupitia kampuni ya kati, zile za meseji za jumla. Unafungua akaunti, unaweka pesa, na baadhi yao hukupa anwani moja ya barua pepe: ukiandika kwenda huko, mitambo yao, yaani lango lao, inaigeuza barua iwe meseji na kuipeleka MTN, Airtel, Safaricom, popote. Usumbufu wa kujua mlango wa kila mtandao unabaki kwao. Bosi aliponiuliza kwa nini tulipie kitu ambacho Wamarekani walipata bure, nilimwambia afikirie nani analipa. Kwetu anayepokea meseji halipi kitu. Anayetuma ndiye anayelipa, na meseji ikitoka mtandao mmoja kwenda mwingine kuna ada ya kuifikisha ambayo mitandao inadaiana. Marekani ilikuwa kawaida kwa mpokeaji kukatwa pia, kwa hiyo lango la bure lilikuwa na mtu wa kulibeba. Hapa lingebebwa na nani?

"Meseji ni meseji, andika upendavyo."

Hapa ndipo pesa zetu zilipokuwa zinavuja, na sitapita haraka.

Meseji moja ina nafasi ya baiti 140, na kila baiti ni biti 8. Ukitumia herufi za kawaida za simu, kila moja inakula biti 7, ndiyo ile hesabu ya herufi 160 tunayoijua. Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliopanga mfumo huu, aliketi na taipureta yake mwaka 1985, akaandika sentensi za kila aina akihesabu, akaridhika kwamba 160 zinamtosha mtu kusema jambo lake. Orodha ya herufi hizo za kawaida ni fupi. Ukitia hata herufi moja isiyokuwemo, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine ambako kila herufi inakula biti 16, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Haibadiliki ile herufi peke yake. Zinabadilika zote.

Sasa angalia meseji yetu ya kila siku kwa madereva:

Karatasi zimetoka. Using'oe sili mpaka afisa afike. Ukivuka ingia yadi ya kushoto, uliza mlinzi getini. Piga simu ukifika Tororo. Usilale njiani.

Ihesabu, ina herufi 145 pamoja na nafasi na vituo. Inaingia kwenye meseji moja na chenji inabaki. Lakini bosi huandika kwenye kompyuta, na programu ya kompyuta, kwa kujifanya msomi, huikunja ile alama ya "using'oe" ikawa koma iliyoning'inia juu. Macho hayaoni tofauti. Alama iliyonyooka imo kwenye orodha ya simu, iliyokunjwa haimo. Kwa kiherehere hicho cha alama moja meseji yetu ikahamia mfumo wa herufi 70, na kwa kuwa ni ndefu ikakatwa vipande. Kila kipande hupoteza nafasi kidogo kwa ajili ya alama za kuunganishia, hivyo hubaki na herufi 67. Mia na arobaini na tano ukizigawa hivyo unapata vipande vitatu. Madereva arobaini, malipo ya meseji mia na ishirini.

Simu nzuri huviunganisha vipande mtu asijue. Kitochi cha zamani, au kipande kimoja kikichelewa, huonyesha ulichonacho. Dereva mmoja alipata cha tatu peke yake. "Usilale njiani" ilikuwa imekatikia katikati ya "usilale", kwa hiyo kioo kilisema hivi tu: "ale njiani." Akanipigia. "Mama, nimesoma, lakini nani ale njiani? Mimi au tanboi?"

Kiswahili kina ng'ombe, ng'ambo, kung'oa na kung'ang'ania, kwa hiyo mtego huu ni wetu hasa. Wanaoandika Kiganda kwa herufi ŋ wananaswa vilevile, na vikaragosi vya kucheka na kulia navyo ni hivyohivyo. Siku hizi nabandika maneno ya bosi kwanza kwenye programu ya maandishi matupu, nafuta alama, naiandika upya kwa kidole changu.

Halafu kuna mkia. Barua ya ofisi huja na jina, cheo, simu mbili, sanduku la posta, na lile onyo la mistari sita kwamba barua hii ni ya siri na kama si wewe uliyekusudiwa uifute. Usipoukata, lango linaweza kuubeba mkia wote kwenda kwa dereva, na kichwa cha barua mbele yake. Onyo letu peke yake lilikuwa refu kuliko habari yenyewe.

"Basi ambatisha tu PDF."

Haiendi. Meseji ya kawaida inabeba maandishi. Mwenye simu ya kisasa na bando mtumie kwa WhatsApp, mwenye kitochi msomee kwa sauti.

"Sifuri saba saba ni MTN, kila mtu anajua."

Anajua wa Uganda. Vuka hatua mia mbili kuingia Kenya, 077 ni ya Telkom. Nenda Tanzania, 077 ilikuwa ya Zantel. Madereva wetu wanatoka nchi zote tatu na wananiandikia namba kwa sifuri mbele kama vile dunia ni moja. Namba isiyo na +256, +254 au +255 mbele yake ni nusu ya namba, na lango litaisoma kwa nchi ambayo akaunti yako imesajiliwa. Mara moja nilikuwa namtumia Mganda asiye na lori habari za kontena la sukari, na yeye, kwa adabu kubwa, alijibu kila mara "Asante, nimepata."

Hata ukiweka nchi, tarakimu za mwanzo si kiapo. Kenya iliruhusu watu kuhama mtandao na namba zao mwaka 2011, Tanzania ikafuata mwaka 2017. Namba inayoonekana ya Safaricom inaweza kuwa imelala Airtel miaka mingi. Mitandao ina njia zake za kuulizana namba iko wapi kabla ya kupeleka. Orodha yako ya daftari haina.

Na ukiweka namba kwenye Excel, jihadhari. Inakula sifuri ya mbele, na namba ya tarakimu kumi na mbili kama zetu zinazoanza na 256 inaigeuza kuwa kitu kama 2.56772E+11. Ukinakili hivyo kwenda kwenye lango, umetuma kwa hesabu, hukutuma kwa mtu. Geuza safu kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote.

"Intaneti ikizimwa, meseji zetu zitapita, si ni SMS?"

Tulijifunza Januari 2021. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 18. Simu na meseji za kawaida ziliendelea. Bosi akasema hatuna shida, sisi tunatumia meseji. Alisahau kwamba meseji zetu huanza safari zikiwa barua pepe. Lango hili mguu mmoja uko kwenye intaneti na mwingine kwenye mtandao wa simu, na ule wa kwanza ukikatwa halisogei. Nilikaa na daftari, nikaandika kwa kidole gumba, dereva mmoja mmoja. Barua zilizotumwa kwetu na watu wa nje siku hizo hazikupotea. Zilikuwa zimekwisha kufika kwenye mitambo inayotutunzia sanduku letu, ila sisi ndio hatukuwa na njia ya kwenda kuzichukua.

"Imeandikwa imetumwa, maana yake ameipata."

"Imetumwa" kwenye barua pepe maana yake imetoka kwako. Kwenye lango la meseji maana yake mara nyingi ni kwamba wameipokea wao. Kutoka hapo inakwenda kituo cha meseji cha mtandao, na kama simu ya dereva imezimwa inawekwa, inajaribiwa tena, hadi muda wake uishe, na muda huo unategemea mtandao. Ukiisha, inafutwa. Kuna taarifa ya kufikishwa, hiyo ndiyo ya kuangalia, na hata hiyo inathibitisha simu imepokea. Kama mwenyewe alikuwa amelala chini ya trela, taarifa haisemi.

"Jina la kampuni likitokea juu, ni wao kweli, na naweza kuwajibu."

Lango hukuruhusu kutuma kwa jina badala ya namba, lisizidi herufi 11, na kwa kawaida lazima lisajiliwe kwanza. Lakini usajili wa nchi moja hauzuii tapeli wa njia nyingine kuandika jina lilelile, na simu, kwa kuwa inapanga meseji kwa jina, itaiweka ya tapeli chini ya zile za kweli, kwenye mazungumzo yaleyale. Dereva akiambiwa kwa jina letu kwamba atume pesa za maegesho, apige simu kwanza.

Apige, kwa sababu kujibu hawezi. Jina si namba, jibu halina pa kwenda. Tulipogundua kwamba madereva walikuwa wanajibu na kusubiri, tuliongeza namba ya ofisi mwishoni mwa ile meseji. Nafasi moja na tarakimu kumi, jumla 156. Zimebaki nafasi nne, na bosi anataka tumalizie na "Asante".