Hedifoni za kuzima kelele: zinazima nini hasa?

Jina lenyewe linadanganya kidogo. Ukisikia "hedifoni za kuzima kelele" unafikiri ukizivaa tu dunia inanyamaza. Nami nilifikiri hivyo, mpaka nilipopanda nazo meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba. Nilipata nafasi nyuma, injini inaunguruma chini ya miguu mpaka kiti kinatetemeka. Nikabonyeza kitufe, mngurumo ukazama kama vile mtu kafunga mlango. Papo hapo nikaanza kuwasikia, neno kwa neno, kina mama wawili waliokaa mbele yangu wakibishana bei ya dagaa wa Goziba. Kabla ya hapo nilikuwa naona midomo inacheza tu.

Hedifoni hazikuwa mbovu. Ndivyo zilivyo.

Sauti ni hewa inayobanwa na kuachiwa mara nyingi kwa sekunde, nayo husafiri kwa mawimbi: kilele, bonde, kilele, bonde. Mawimbi mawili yakikutana kilele kwa kilele, yanaongezeana nguvu. Kilele cha moja kikiangukia bonde la jingine, yanafutana. Kaa juu ya jiwe pale Capri Point, ufukweni Mwanza, uangalie wimbi linalorudi kutoka mwambani likipishana na linalokuja: kuna mahali maji yanaruka maradufu, na hatua mbili pembeni yametulia kama hayajui kitu.

Hedifoni hizi zina vipaza sauti vidogo vinavyosikiliza kelele za nje, na nyingi huwa na kingine ndani, karibu na sikio, cha kukagua kilichobaki. Chipu inapokea kelele hiyo, inatengeneza wimbi lake lililopinduliwa, na spika inalipiga sikioni pamoja na muziki wako. Kwa hiyo kelele haizuiwi mlangoni. Inaongezewa sauti nyingine ya kuila. Ndiyo maana zinakula chaji hata kama husikilizi wimbo wowote.

Sasa mbona injini inapotea na maneno ya watu yanabaki? Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mngurumo mzito wa mitetemo 100 kwa sekunde una wimbi la urefu wa zaidi ya mita 3, tena unajirudia vile vile dakika hadi dakika. Chipu ikichelewa kidogo haina neno, bonde bado litakipata kilele chake. Lakini filimbi ya mitetemo 3,000 wimbi lake ni sentimita 11 tu. Hapo ukichelewa kidogo, kilele kinaangukia kilele na umeongeza kelele badala ya kuifuta. Sauti kali za namna hiyo, ambazo zimo pia ndani ya maneno ya watu, na za ghafla kama mlango unaobamizwa, kazi yake imeachiwa sponji inayozunguka sikio au kile kimpira kinachoziba tundu. Sponji ikichakaa, au ikikaa juu ya miwani yenye mikono minene, utaona tofauti.

Wazo si jipya. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, Marekani mwaka 1936, ila elektroniki za wakati ule hazikumudu. Mwaka 1978 Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, akiwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston, alikerwa na injini zilizoumeza muziki wake, akaanza kupiga hesabu humo humo angani. Kampuni yake ilianza kuwauzia marubani mwaka 1989, na sisi abiria wa kawaida tukafikiwa mwaka 2000.

Kwenye daladala ya Igoma utapumzika na injini, konda utabaki naye. Feni na jenereta ya jirani umeme ukikatika, hizo zinaondoka vizuri sana. Wapo wanaohisi masikio yamebanwa kama ndege inaposhuka. Mimi nilizoea baada ya siku mbili.

Faida kubwa, kwangu, wala si ukimya. Ni sauti ya muziki kushuka. Ndani ya basi tunapandisha ili tuishinde injini, na Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuzisikiliza saa 40 kwa wiki, ila zikifika 90 ni saa 4 tu. Injini ikiondoka, huna sababu ya kupandisha.

Tatizo ni barabarani. Mngurumo wa lori au bodaboda inayokujia kwa nyuma ni sauti ile ile hasa ambayo kifaa hiki kinapenda kuila. Ukishuka kituoni, zima, au weka ile hali ya kuruhusu sauti za nje.

Na ukienda kununua, soma boksi. ANC ndiyo hii niliyoieleza. ENC ni kitu kingine kabisa: inasafisha sauti yako ukipiga simu ili wa upande wa pili akusikie, masikio yako wewe haiyasaidii lolote. Mwombe muuzaji usogee karibu na jenereta au feni, vaa bila muziki, washa na kuzima mara tatu. Mngurumo ukishuka na kupanda, lipa. Akikuambia uweke wimbo kwanza ndipo utaona zinavyofanya kazi, mrudishie boksi lake.